Mtoto wa paka aliyechanjwa nusu chupa

SWALI: Shikamoo daktari. Nimenunua mtoto wa paka kwa kijana mmoja. Alimchanja mara moja akiwa na wiki 6, nusu chupa kwa sababu ni mdogo, nusu nyingine akampa ndugu yake. Anasema huyu keshamaliza. Sasa ana wiki 11. Nina pia paka jike wa miaka 4, hatoki nje, hajawahi kuchanjwa. Nirudie? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Rudia, tena wiki hii, na ile ya mwanzo usiihesabu.

Hiyo nusu chupa ndiyo inayonichosha kuliko yote. Dawa ya minyoo tunaipima kwa kilo, chanjo hatuipimi hivyo. Kazi yake ni kuuonyesha mwili virusi ili ujifunze kupigana navyo. Ikiwa kidogo mno, mwili haushtuki. Mtoto wa gramu 600 na dume la kilo 6 kila mmoja hupata dozi yake kamili. Anayegawa hamwonei huruma mnyama, anaihurumia pochi yake.

Halafu hilo la "keshamaliza". Mtoto akinyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, hupata kinga ya mama, na kinga hiyo huizima chanjo kama inavyozima ugonjwa. Kwa mmoja hupungua wiki ya 8, kwa mwingine hata baada ya wiki ya 14, na kwa kumtazama tu hujui. Ndiyo maana tunarudia kila wiki 3 hadi 4 mpaka avuke wiki 16. Wako achanjwe sasa, wiki ya 14 pamoja na ya kichaa cha mbwa, na wiki ya 17, kisha akumbushiwe akifikisha mwaka. Chanjo hii huikinga vizuri sana parvo ya paka, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara. Mafua ya paka huyapunguza makali tu.

Mkubwa apate mbili, zikiachana wiki 3 hadi 4, na ya kichaa. Kama ana mimba sema mapema, kwani chanjo ya virusi hai huweza kuharibu ubongo wa watoto tumboni. Kutotoka nje hakumsaidii sana: virusi vya parvo huweza kuishi mwaka mzima sakafuni, na huingia na viatu vyako.

Sasa hawa wachanjaji wa mfukoni. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikishinda kwenye begi la pikipiki kwa joto la Tanga, unachomewa maji. Wengine humchoma paka ambaye tayari anatapika, kana kwamba chanjo ni tiba. Ila ninachokiogopa hasa ni kadi ya uongo ya kichaa cha mbwa: paka akimng'ata mwanao, mtaitazama kadi na kubaki nyumbani, badala ya kuosha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15 na kukimbilia hospitali. Dalili zikishaanza, hakuna daktari atakayemwokoa. Kwa hiyo dai stika ya chupa kwenye kadi, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na umwone akiitoa chupa kwenye boksi la barafu.