Fizikia isikufukuze kwenye masomo ya neva

Mdogo wangu, umesema unapenda sana elimu ya ubongo lakini fizikia inakutisha, na unauliza kama uchukue shahada ya fiziolojia (elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi) na sayansi ya neva huko Marekani ili baadaye uwe daktari.

Ichukue. Ila fizikia hutaikwepa, maana neva yenyewe inafanya kazi kwa umeme. Seli ikiwa imetulia, ndani yake huwa na volti hasi, takriban milivolti 70 chini ya nje. Neva inapopeleka ujumbe, milango ya sodiamu kwenye utando wa seli hufunguka, na chaji chanya za sodiamu huingia kwa kasi. Kisha potasiamu hutoka na seli hurudi ilivyokuwa. Wanasayansi Waingereza Hodgkin na Huxley waliyapima haya kwenye neva nene ya ngisi, wakayaandika kwa hesabu mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel. Uzuri wa somo zima uko hapo! Chora kwa mkono mchoro wa volti hiyo inavyopanda na kushuka, bila kutazama kitabu, mpaka uweze kumweleza mwenzako kwa nini mstari unapanda au kushuka kila mahali. Anayekariri majina tu hukwama kwenye mtihani, kwa sababu swali huwa: tukiziba mlango huu, nini kitatokea?

Kuhusu udaktari, kumbuka shahada hii peke yake haikupi leseni ya kutibu. Marekani utaomba chuo cha tiba baada ya kuimaliza. Tanzania mtu huingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kama lengo lako ni kutibu tu, linganisha gharama kwanza. Kama utafiti unakuvuta, omba nafasi maabara mapema.