Jibu: Gita la mkono wa kushoto, nyuzi nene zinapanda

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: ulijitengenezea gita la mkono wa kushoto kwa mchoro wa gita la mkono wa kulia, ukageuza nyuzi, na sasa ukibana freti (kipande cha chuma kinachokatiza shingo) ya 12, sauti ya nyuzi nene inapanda kuliko inavyotakiwa, ya nyembamba inashuka. Tena sauti inaruka ghafla ukizungusha kitufe chake. Gita langu la kwanza lilinifanyia hivyohivyo, nikalilaumu shingo bure.

Angalia daraja kwanza, yaani kile kipande cha kwenye mwili wa gita kinachobeba nyuzi. Pima kutoka kikalio cha nyuzi cha juu (kile chenye mifereji, karibu na kichwa cha gita) hadi freti ya 12. Kwa gita lenye kipimo cha milimita 648 kutoka kikalio hicho hadi darajani, upate 324. Kisha pima hadi darajani: uzi mnene lazima uwe mrefu kuliko mwembamba, mimi niliacha tofauti ya milimita 3 hivi. Nina hakika mshazari wa daraja lako umebaki wa mkono wa kulia, kwa hiyo uzi mnene ndio mfupi. Ziba matundu ya nguzo zinazoshika daraja kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, ngoja siku nzima, ndipo utoboe upya. Usitoboe gundi ikiwa mbichi, nililipia hilo.

Kikalio nacho chonga kipya, kwani mifereji ya zamani haitoshi nyuzi nene.

Kuhusu sauti kuruka ghafla ukizungusha kitufe: uligeuza nyaya za potenshometa (kifaa kilicho chini ya kitufe, kinachopunguza na kuongeza sauti) yenye alama A, ambayo haibadiliki kwa kiwango sawa, kwa hiyo ikigeuzwa mabadiliko yanajazana upande mmoja. Tafuta ya C, ambayo ni kinyume cha A, ama ya B, inayobadilika kwa kiwango sawa, ukiikosa. Dukani nilipata B tu, na inanitosha.

Ukishapima, weka namba hapa.