Maswali Yenu kwa Fundi: Samaki Ana Masikio Mawili

Toleo lililopita lilikuwa na hadithi yangu ya mvuvi wa Kigombe aliyetoa silikanti, samaki wa kale wa kilindini, kwenye jarife, wavu wa papa. Kwa asiyeisoma: katika hadithi hiyo kuna mashine inayosikiliza vijiwe vilivyomo sikioni mwa samaki na kutoa kila sauti aliyoisikia tangu azaliwe. Mahakama yataka masikio ya silikanti yule yawe shahidi katika kesi ya uvuvi wa baruti. Mvuvi anajua kwamba boti itakayosikika humo ni ya mdogo wake. Mwishoni anamrudisha samaki baharini, masikio yake na yote.

Barua zimejaa boksi zima la spika hapa kibandani ninapotengeneza redio, Ngamiani, Tanga. Nimechagua tano.

*Shikamoo Fundi. Niko kidato cha 5, Muheza. Nilimwonyesha mwalimu hadithi yako, akasema mashine na mambo ya anga ni ya Wazungu, Mswahili akiyaandika anaiga tu. Nimjibu nini?*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu usishindane naye. Mpe haya ayatazame mwenyewe.

Hapa Tanga, Machui, kitongoji cha Vibambani, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake, Kusadikika. Nchi yenye jina hilo yaelea angani. Wajumbe 6 wametumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini wakatafute maarifa, na kila aliyerudi nayo akatiwa gerezani. Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu, alikwenda mwaka 1961, miaka 10 baada ya kitabu kile. Mimi simwiti Shaaban Robert mwandishi wa sayansi, kwani hakujishughulisha na nguvu gani inaishikilia nchi isianguke. Alijishughulisha na haki. Lakini kuing'oa nchi nzima na kuitundika hewani ili watu waione vizuri, jambo hilo limefanywa kwa Kiswahili na mtoto wa Machui.

Kisha mwambie habari za Ngomeni, karibu na Malindi. Waitaliano walisimamisha jukwaa la vyuma baharini, na kuanzia 1967 mpaka 1988 roketi za kupeleka setilaiti zilirushwa kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutazama miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, na vipimo vyake viliwasaidia wataalamu kuamini kuwa kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, lile ambalo hata mwanga hauponyoki humo. Yaani mwambao huuhuu wenye jahazi na mikoko.

Na kabla ya hapo, Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, tarehe 20 Februari 1962, alipita juu ya kituo hicho. Mzee aliyenifundisha ufundi alikuwa kijana Unguja mwaka ule. Aliniambia kwamba jioni ile walikaa barazani na redio ya betri, wakizungusha kitufe pole pole, wakitumaini kuinasa sauti ya mtu aliye juu. Hawakupata ila mkwaruzo. Hadithi yangu ya kwanza, niliyoiandika 1987, ni ya mkwaruzo ule: kijana anazungusha kitufe, na huko juu mtu anaitika kwa Kiswahili. Nani nilimwiga hapo? Nilimwandika mzee wangu.

*Fundi, mimi ni mshonaji hapa Pangani. Nina hadithi ya mji wetu uliohamia chini ya bahari. Nimejaza madaftari mawili. Mji umekamilika, una barabara, sheria, hata mavazi nimeyachora. Lakini hakuna kinachotokea. Nimekosea wapi?*

Dada yangu, umeshona gauni zuri ambalo hujampima mtu. Mji wako hauna mwenye shida.

Nitakueleza ilivyokuja ile ya silikanti, maana sikuanza na mji wala samaki. Mvuvi mmoja aliniletea redio iliyoanguka baharini. Redio ya maji ya chumvi ina kazi yake. Unaifungua haraka kabla haijakauka, unaisuuza kwa maji baridi, unaipitishia spiriti kwa brashi ya meno, unaianika juu ya ungo. Kwenye shaba huwa kumeshaota kutu ya kijani, nayo unaikwangua hadi shaba iwe nyekundu, ndipo risasi ya kulehemu ishike. Nilipofika kwenye spika nikaona ile karatasi yake ina pete za chumvi, moja ndani ya nyingine, nyeupe, nyembamba kama uzi. Nikamuuliza mwenyewe, hii imeanguka mara ngapi? Akasema, "Mara moja tu, Fundi." Nikazihesabu pete mbele yake. Zilikuwa tano. Akainamisha uso, akasema redio ile ilikuwa ya kaka yake kabla haijawa yake, na kaka yake hayuko tena.

Basi, nikakaa na spika ile mkononi hata chai ikapoa. Kitu chenye kazi ya kutoa sauti kilikuwa kimeandika habari za mwenye nacho, bila kuambiwa. Usiku nikakumbuka kuwa samaki ana vijiwe sikioni, na vijiwe hivyo vina pete kama za mti. Wataalamu huzihesabu wakajua umri wake. Je, pete hizo zingekuwa zimehifadhi na sauti? Hilo ndilo jambo moja pekee nililolibadilisha duniani. Mengine yote nimeyaacha yalivyo: bei ya samaki, upepo wa kusi, mama anayedai pesa ya sukari.

Ndipo nikatafuta samaki wa kuubeba mzigo huo, na Tanga tunaye. Silikanti wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu, wakidhani ametoweka tangu miaka milioni 65 hivi iliyopita, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu jarife za papa zilianza kuwatoa mwaka 2003, na 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Utafiti wa 2021, uliosoma magamba yake, ulionyesha kuwa anaweza kufika miaka 100 hivi. Nikapiga hesabu: samaki mzee wa leo alikuwa mchanga zama za Waingereza. Amesikia nyimbo za mabaharia, amesikia meli za mkonge, amesikia baruti. Na sauti majini hukimbia mita kama 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya mwendo wake hewani. Hakuna baruti ya kumfichia samaki.

Sasa chukua mji wako wa chini ya bahari. Wewe ni mshonaji. Huko chini nguo yakaukaje? Nani analipwa kwa kazi ya kukausha, na siku mashine ya kukausha ikifa nani anaamshwa usiku? Muandike huyo. Madaftari yako mawili usiyatupe. Ni yako wewe ya kujua mji, wala msomaji haimlazimu kuyaona. Katika hadithi fupi, ukurasa wa kwanza mtu awe tayari ameshalowa.

*Unaandika Mirihi na Zuhura, halafu unaandika roboti na setilaiti. Majina ya kale au ya kigeni, chagua njia moja, Fundi. (Msomaji, Korogwe)*

Majina ya sayari, Mirihi, Zuhura, Mshtarii na Zohali, yalikuwa vinywani mwa watu wetu tangu zama za manahodha, kwa hiyo nayatumia bila kuomba ruhusa. Kilimia nacho, lile kundi la nyota, wakulima walikipandia, na methali wakakitungia: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Roboti imekuja na jina lake na wasomaji wanalijua. Sioni ugomvi.

Ninalolikataa ni jina refu lililobuniwa mezani na mtu ambaye hataishika mashine yenyewe. Watu huipa mashine jina wakiifanyia kazi. Ninyi wa Korogwe mwalijua hili kuliko mimi: mashine ya kukamua mkonge ni korona, na wazee wetu walikuwa wakisema "naingia korona" miaka mingi kabla ya ugonjwa wenye jina hilo. Ndiyo maana wavuvi wa hadithi yangu hawasemi kifaa cha kunasa sauti za vijiwe. Wanasema *msikizi*. "Samaki wamempeleka kwa msikizi." Nililipata neno hilo baada ya kuandika upya mara saba, na nilipolipata, mazungumzo yote ya forodhani yakanyooka.

*Je, kazi hii inalisha? Nataka kuacha chuo niandike hadithi fupi tu. (Kijana, Dar es Salaam)*

Usiache chuo. Jarida la kwanza lililochapa hadithi yangu halikunilipa hata senti, na nilikwenda ofisini kwao mara nne kwa nauli yangu. Redio moja ya kutengeneza imenilipa kuliko hadithi tatu. Nayasema kwa uchungu, kwani naamini hadithi fupi ni kazi nzito kama kazi nyingine yoyote.

Lakini wenye kuipenda hawakuingoja iwalishe. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944, kisha akaendelea na kazi nyingine za serikali huku akiandika. Octavia Butler, mwanamke mweusi wa Marekani, alifanya vibarua vya kuosha vyombo na kukagua viazi vya kukaanga kiwandani, akiamka saa 8 usiku kuandika kabla ya kibarua. Mwaka 1984 na 1985 hadithi zake fupi zikapata tuzo ya Hugo, ambayo ni kubwa katika uandishi huu. Ted Chiang, Mmarekani pia, aliishi kwa kuandika vitabu vya maelekezo ya kompyuta. Hadithi yake ya kwanza ilitoka 1990, na tangu hapo ametoa pungufu ya 20, zilizokusanywa katika vitabu viwili tu, cha 2002 na cha 2019. Moja kati ya hizo ilitengenezewa filamu iliyotoka 2016. Mimi nampenda kwa polepole yake hiyo. Hadithi moja anaikalia mpaka iive.

Soma, upate kazi, na saa moja ya alfajiri yako uilinde kama mtu alindavyo shamba la mpunga na ndege.

*Fundi, sina elimu kubwa, nimesomewa hadithi yako na binti yangu. Mume wangu alikatika mkono kwa baruti mwaka alipozaliwa huyu binti, naye hakuwa mpigaji, alikuwa kibarua tu ndani ya boti. Mimi nilitaka kesi iendelee. Kwa nini yule mzee amemtupa samaki baharini? (Mama, Mwarongo)*

Bi Mkubwa, shikamoo, na pole sana kwako na kwa mzee. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na nimechelewa kuijibu.

Mwanzo nilikuwa na mwisho mwingine. Samaki anafikishwa mahakamani, msikizi anawashwa, chumba kizima kinasikia mashine ya boti yenye kikohozi, ile aliyoitengeneza mvuvi kwa mikono yake mwenyewe, kisha kishindo. Mdogo mtu anafungwa. Jaji anatoa hotuba. Niliisoma ile hotuba kwa sauti hapa kibandani nikaona ni yangu mimi, nimemvalisha jaji. Nikaifuta. Nikarudi kwa ninachokijua: mkono ulioshika kitu kinachoweza kusema, na mwenye mkono hataki kiseme. Silikanti akitolewa kilindini haishi sana. Kwa hiyo mzee yule hamwokoi samaki, anazika ushahidi. Nilitaka msomaji amwone akizika, na asimpende kwa kitendo hicho, wala asiache kumhurumia.

Lakini barua yako imenionyesha nisilolitazama. Katika hadithi nzima baruti inaua samaki na matumbawe, inavunja undugu, na hakuna mtu hata mmoja aliyeumia mwilini. Hakuna kibarua aliyekaa mbele ya boti kwa ujira wa siku moja. Hakuna mke wake. Nimeandika baruti kama mtu aliyeisikia kutoka mbali, kwani kweli mimi nimeisikia kutoka mbali, nikiwa Raskazone, kama mlango unaofungwa na upepo. Kosa hilo ni langu na hadithi ile imepungukiwa.

Nimeanza nyingine. Samaki ana masikio mawili, na yule mzee alipomtupa alikuwa amechelewa: sikio moja lilikuwa limeshatolewa pale mnadani Deep Sea, likafungwa kwenye kipande cha kanga, likaondoka na mwanamke. Huyo mwanamke ndiye nimfuataye sasa. Ana kijiwe kidogo kama punje ya mahindi, ana nauli ya kumfikisha kwa msikizi, na nyumbani ana mume ambaye hajawahi kumsimulia asubuhi ile.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na ukiona zito usinijibu. Alfajiri ile ya ajali, mume wako alipotoka kwenda pwani, wewe ukiwa bado ndani na mtoto, ulisikia nini? Komeo la mlango, ndala zake, baiskeli, mtu akimwita kutoka njiani? Mwambie binti aniandikie sauti hizo tu, zilivyofuatana. Nitaanzia hapo.