Muulize Mama Seva: Ufunguo Uliopitia WhatsApp

SWALI: Shikamoo Mama Seva. Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye Saccos moja hapa Morogoro. Kila jioni seva yetu hutuma faili la makato ya wanachama kwenye seva ya makao makuu, Dar. Mwaka jana tuliacha FTP, njia ya kale ya kutuma faili, tukahamia SFTP, iliyo salama zaidi. Kijana aliyetusaidia alitengeneza ufunguo, yaani faili la kuingilia badala ya nenosiri, kwenye laptop yake, akanirushia kwa WhatsApp, nikauweka kwenye seva, na kazi inakwenda. Meneja anasema sasa tuko salama. Mkaguzi wa ndani amekunja uso. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkaguzi.

Lakini kuachana na FTP mlifanya la maana. Itifaki ile ilianza mwaka 1971, mtandao ukiwa na mashine chache za vyuo na watafiti waliojuana, na hakuna aliyewaza mwizi. Jina na nenosiri hupita waya mzima vikiwa uchi. Hili sikulisoma kitabuni. Zamani, kazini, nilikuwa natafuta hitilafu nyingine kabisa, nikawasha tcpdump, programu inayoonyesha kinachopita mtandaoni, kwenye seva yangu. Mara ikapita mistari miwili: USER, kisha PASS, na mbele yake jina la mtoto wa mhasibu wetu na mwaka aliozaliwa. Nilimfuata nikamnong'oneza abadilishe. Akaniuliza, kwa hofu, kama na barua pepe pia abadilishe, maana nenosiri lilikuwa hilo hilo.

Tatu Ylönen wa Helsinki aliandika SSH, njia ya siri ya kuingia kwenye mashine ya mbali, mwaka 1995 kwa sababu ya maumivu hayo hayo: mtu alikuwa ametega mtandao wa chuo chake na kukusanya manenosiri. Aliomba poti 22 (poti ni namba ya mlango wa mtandao), iliyokuwa wazi katikati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet, njia ya kale ya kuingia kwenye mashine ya mbali. SFTP yenu inapita humo, na njia imefungwa vizuri.

Tatizo lenu haliko njiani. Liko kwenye ufunguo.

Utaniambia WhatsApp nayo inasimba ujumbe, yaani inaugeuza usisomeke na mwingine. Ni kweli, ukiwa safarini. Ila sasa ufunguo wa siri wa Saccos umelala kwenye simu mbili na laptop moja isiyo yenu. Kama mmoja wenu anahifadhi bakapu ya WhatsApp mtandaoni bila kuwasha usimbaji wa bakapu, upo na huko. Simu ikivunjika kioo, inapelekwa kwa fundi ikiwa na ufunguo ndani. Na huyo kijana, siku akiudhiwa na malipo yake, anao.

Wewe ni mtu wa Saccos, kwa hiyo nitumie mfano wa benki. Benki hukaa na sahihi yako ya mfano. Mkono unabaki kwako. Ufunguo wa wazi, ule unaoishia na .pub, ndiyo sahihi ya mfano: utume hata kwa gazeti. Ule wa siri ndio mkono, na mkono hautumwi kwa mtu. Unazaliwa kwenye mashine itakayoutumia na kufia hapo hapo.

Ingia kwenye seva yako ya Morogoro, ukiwa na akaunti inayotuma faili, uandike ssh-keygen -t ed25519. Watumie Dar lile la .pub tu, waliongeze kwenye authorized_keys, faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia. Jaribu kutuma. Ikikubali, ndipo wafute mstari wa ufunguo wa zamani. Usigeuze mpangilio huo, utajifungia nje siku ya makato. Kufuta ujumbe kwenye simu hakusaidii. Ufunguo unauawa upande wa Dar.

Najua kazi inajiendesha yenyewe jioni, hakuna mtu wa kuandika neno la siri la kuufungua, kwa hiyo ufunguo utabaki bila neno hilo. Basi ubanwe kwingine. Dar waweke mwanzoni mwa mstari wako neno restrict, na from= ikifuatwa na anwani ya seva yako, ili hata ukiibwa usifanye kazi kutoka kwingine. Kisha kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, waifungie akaunti yenu ndani ya folda yake kwa ChrootDirectory na ForceCommand internal-sftp, isiweze kutembea seva nzima.

Hapo patawasumbua. Folda ya ChrootDirectory, na kila folda iliyo juu yake, lazima iwe mali ya root, akaunti kuu ya seva, na mwingine yeyote asiwe na ruhusa ya kuandika. Mimi nilimpa mtumiaji folda yake kwa roho safi, SSH ikamkatia mlangoni, nikakesha hadi saa tisa usiku ndipo nikafungua logi: bad ownership or modes. Dawa ni kutengeneza folda nyingine humo ndani, kama «pokea», hiyo ndiyo iwe ya mtumiaji.

La mwisho kwako. Siku ya kwanza SSH ilikuonyesha alama ya kidole ya seva ya Dar, ule mstari wa herufi unaoutambulisha ufunguo wake, ikakuuliza kama unaitambua. Uliandika yes bila kusoma. Sikulaumu, wote tunaandika. Safari hii piga simu Dar, mwenzako aandike ssh-keygen -lf kwenye faili la ufunguo wa wazi wa seva lililo ndani ya /etc/ssh, akusomee herufi, wewe ufuatishe kwa kidole.

SWALI: Bosi wangu hapa Mombasa anasema FTPS na SFTP ni kitu kimoja. Nimbishie?

JIBU: Mbishie kwa adabu. FTPS ni FTP ile ile ya kale iliyovishwa TLS, vazi lile la tovuti za https. SFTP ni itifaki nyingine kabisa, inaishi ndani ya SSH. FTPS si mbaya ukiilazimisha ikatae wasio na TLS, ila hufungua poti ya pili kwa ajili ya data, na mtu wa faiawoli atakuchukia. Mimi huchagua SFTP, poti moja, nalala.

SWALI: Mama, tunapeleka majibu ya maabara kwenye seva ya kukodi kwa SFTP. Yakishafika, mwenye seva anaweza kuyasoma?

JIBU: Anaweza. SFTP hulinda barabara; faili likifika linavuliwa. Kwa majibu ya wagonjwa, lisimbe kwanza kwa gpg, programu ya kusimba faili, ukitumia ufunguo wa wazi wa daktari anayepokea, ndipo ulitume. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na afya ya mtu imo kwenye taarifa nyeti.

Ila ufunguo wa siri wa gpg uwe na nakala mahali pengine. Mwaka 2011 nilisimba bakapu zote za ofisi kwa umahiri mkubwa, na ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye diski iliyokufa. Bakapu zilikuwa nzima kabisa. Hadi leo hazijafunguka. Kwa hiyo kabla daktari hajapokea jibu hata moja la kweli, mtumieni faili la majaribio, na alifungue kwenye kompyuta nyingine kwa ile nakala, mkiwa mnamtazama.