Kifuniko cha kulishia beta: tundu liwe pembeni, si katikati

Beta ni samaki wadogo wa mapambo, na madume yao hawakai pamoja. Wakianza kuchanana mapezi, kila mmoja anatakiwa apewe mtungi wake, na ukifikisha mitungi ishirini unajikuta unafungua na kufunga vifuniko mara arobaini kwa siku, asubuhi na jioni. Mambo huharibikia hapo. Kifuniko kinachosumbua huishia kuachwa wazi, na beta ni mrukaji mzuri kuliko umbo lake linavyoonyesha. Au mtu anamwaga punje nyingi kwa mkupuo ili asirudi jioni, na maji ya lita mbili yanaoza kabla hakujakucha. Kifuniko kinachofaa hufunguka kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umeshika chakula.

Mitungi rahisi kupata ni ile ya plastiki angavu ya lita 2 hadi 4 yenye vifuniko vya kusokota, ambamo maduka huuzia peremende na biskuti. Iliyowahi kubeba sabuni, rangi au dawa usiitumie hata ukiiosha mara kumi. Wenye matanki madogo yasiyo na kifuniko hupenda kukata akriliki, plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, ya milimita 2. Inapendeza siku ya kwanza, kisha upande wa chini unafyonza unyevu, wa juu unabaki mkavu, na baada ya wiki chache kipande kimepinda kama bakuli na pembe zimeinuka. Ukitaka bapa, tumia polikaboneti, ambayo ni plastiki nyingine ngumu, au kata akriliki nene ya milimita 4.

Kabla ya kutoboa, sokota kifuniko kwenye mtungi wake hadi kikaze, weka mtungi rafuni utakapokaa, halafu tia alama ya kalamu upande unaokutazama. Ukiruka hatua hii tundu litaishia nyuma, na utakuwa unalisha kwa kupapasa. Tundu likae upande huo wa mbele, ukingo wake uwe sentimita 1 kutoka ukuta wa ndani wa mtungi. Watu wengi hutoboa katikati kwa sababu ndipo kifuniko kinapovutia jicho. Lakini mabaki ya chakula huwa chini, mara nyingi kwenye kona ya ukuta, na mrija wa kuyavutia nje unaoshuka ukiegemea ukuta hufika pale bila kumkorofisha samaki. Ukitokea katikati unayumba, unakoroga uchafu, na samaki anaushambulia.

Upana wa milimita 21 au 22 unatosha kwa kijiko kidogo cha chakula na kwa mrija wa hewa wa tangi, ambao kwa nje ni milimita 6. Huna haja ya mashine. Tafuta kipande cha bomba la chuma la nusu inchi kwa fundi bomba. Hiyo nusu inchi ni jina tu, kwa nje lina milimita 21 hivi. Lipashe moto kwenye jiko, lishike kwa koleo, weka kifuniko juu ya ubao na kandamiza wima huku ukizungusha taratibu. Fanya nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Bomba likiwa halijapata moto wa kutosha litavuta plastiki kama nyuzi za asali, likizidi litapanua tundu. Lijaribu kwanza kwenye kifuniko kibovu. Ukingo uliovimba ukate kwa wembe ungali vuguvugu, umalizie kwa msasa.

Sasa ulimi wa kuziba tundu. Kata kipande bapa kutoka kifuniko kingine, upana milimita 40, kifunike tundu na kuzidi pande zote. Upande wa mbele uache uchomoze milimita 5 nje ya ukingo wa kifuniko, ndipo kidole kitakapoinulia. Upande unaoelekea katikati toboa vitundu viwili vya milimita 3, vingine viwili kwenye kifuniko mkabala wake, kisha vifunge kwa tai mbili za plastiki za kufungia nyaya. Hiyo ndiyo bawaba. Kaza kiasi cha ulimi kuwa mzito kidogo kuinuka. Ukiulegeza, samaki akiruka na kuugonga utafunguka. Usitumie waya wa shaba wala misumari ya mabati, kwani unyevu unaojikusanya chini ya kifuniko hupita juu ya chuma hicho na kudondokea majini, na shaba na zinki ni sumu kwa samaki. Gundi ya silikoni nayo usihangaike nayo hapa. Vifuniko vingi vya kusokota ni vya plastiki ambayo silikoni haiishiki, inabanduka kama ganda la yai lililochemshwa.

Unyevu huohuo ndio chanzo cha kero ya pili. Matone hujipanga kwenye ukingo wa tundu, punje inagusa, inanata, inavimba, na siku ya tatu ina ukungu mweupe. Dawa yake ni kupitisha ncha ya kijiko chini ya ukingo ndipo uangushe chakula, na kufuta ukingo kwa kitambaa kila unapobadilisha maji. Wanaotaka kumaliza tatizo hukata kipande cha mrija mpana chenye urefu wa sentimita 1 na kukibana ndani ya tundu kininginie chini, ili matone yabaki nje yake.

Hewa isisahaulike. Beta huja juu kuvuta hewa kwa kiungo maalumu kilicho karibu na matamvua, kwa hiyo acha sentimita 4 kati ya maji na kifuniko, na toboa vitundu sita vya milimita 3 upande wa nyuma. Wavu mtupu badala ya kifuniko unafaa Dar au Mombasa. Kwa walioko Njombe au Limuru mwezi wa Julai, hewa baridi ya usiku juu ya maji ya nyuzi 26 haimfai samaki, hasa vifaranga ambao kiungo hicho bado kinakua. Vifaranga waachie vitundu viwili tu.

Dume mzima anatosheka na punje tatu au nne za milimita 1 kila mlo. Baada ya dakika kumi, kilichobaki kivute kwa bomba la sindano la ml 20 lililounganishwa na mrija, kupitia tundu lilelile.

Vifuniko vioshe kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, bila sabuni. Na andika namba ileile juu ya kifuniko na ubavuni mwa mtungi kwa kalamu isiyofutika. Kifuniko cha mtungi wenye samaki mgonjwa kikihamia kwa mzima, matone yake yanahamia nacho.