Tafsida si uongo, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma jana jioni. Unasema wanafunzi wako wanachanganya tashbihi na sitiari, na kwamba mmoja kakuuliza swali lililokukwamisha: ikiwa tafsida, ile lugha ya kupunguza ukali wa maneno, inaficha neno, ina tofauti gani na uongo?

La kwanza ni jepesi. Watoe nje asubuhi, huko Mafinga ukungu haukosekani. "Ukungu umetanda kama shuka" ni tashbihi. Neno la kulinganisha lipo, liwe kama, mithili ya au ja. "Ukungu ni shuka la mlima" ni sitiari. Neno hilo limeondoka, kimoja kimegeuka kingine. Ila si kila "kama" ni tashbihi. "Una sauti kama ya shangazi yako" ni sauti kwa sauti tu. Tashbihi hufananisha vitu vya jinsi mbalimbali.

La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Babu yako alipofariki (tazama, nami nimeshatumia tafsida; kufariki kwa asili ni kuachana) nilikuwa Makambako. Nikapigiwa simu: "Mzee anaumwa sana, njoo haraka." Nikapanda basi. Pale Uyole, nikisubiri gari la Tukuyu, nikanunua machungwa, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu. Kufika nyumbani nikakuta turubai limefungwa uani na wanaume wameuzunguka moto. Mzee alikuwa amekufa tangu alfajiri. Nikasimama pale na mfuko wangu.

Walionipigia walinihurumia, najua, njia ni ndefu. Lakini ule ulikuwa uongo, kwa sababu maneno yalipangwa ili nisijue. Kisha bibi yako akanishika mkono, akasema, "Baba yako ametutoka." Hiyo ndiyo tafsida. Hakukitaja kifo, wala hakunificha. Alitaka nielewe, nami nikaelewa papo hapo, nikalia. Mwambie mwanafunzi wako aangalie hapo tu: msemaji anataka nini kifike kwa msikilizaji? Tukisema fulani amejifungua, au amekwenda haja, hakuna anayedanganywa.

Mfano wa simu ile wape, sina kinyongo tena na walionipigia. Barua hii nimemsomea bibi yako kabla ya kuifunga. Amenyamaza kitambo, halafu akaniuliza yale machungwa nilimpa nani. Sikumbuki.

Baba yako