Polisi wasipokusomea haki, kesi haifi

Mmeuliza wiki hii: polisi wa Marekani wakimkamata mtu bila kumsomea yale maneno ya "una haki ya kukaa kimya", je, kesi inafutwa? Haifutwi. Hapo filamu zimetudanganya.

Maneno hayo yanatokana na kesi ya Ernesto Miranda wa Arizona, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1966. Mtuhumiwa aambiwe kwamba anaweza kunyamaza, kwamba atakachosema kitatumika dhidi yake, kwamba ana haki ya kuwa na wakili anapohojiwa, na kwamba akikosa uwezo atawekewa wakili bure. Lakini onyo hilo ni lazima pale tu mtu anapokuwa mikononi mwa polisi na papo hapo anahojiwa. Ukifungwa pingu usiulizwe kitu, hawalazimiki kukusomea. Dereva aliyesimamishwa kwa kosa la barabarani naye, kwa kawaida, hahesabiwi kuwa ameshikiliwa.

Wasipotoa onyo, kinachotupwa ni maneno ya mtuhumiwa. Mashahidi, picha na alama za vidole vinabaki. Hata bunduki iliyopatikana kutokana na maneno hayo inapokelewa, mradi aliyasema kwa hiari (uamuzi wa 2004). Na akipanda kizimbani akasimulia mengine, maneno yaliyotupwa yanaweza kurudishwa ili kumuumbua. Miranda mwenyewe alishtakiwa upya mwaka 1967 bila yale maungamo aliyowapa polisi, akatiwa hatiani tena: mwanamke aliyewahi kuishi naye alieleza mahakama kwamba Miranda alikiri mbele yake.

Kinachowaponza wengi ni kimya chenyewe. Katika kesi ya Michigan iliyoamuliwa mwaka 2010, mtuhumiwa alisomewa haki zake, akakaa karibu saa tatu bila kusema la maana. Mwishowe askari akamuuliza kama humwomba Mungu amsamehe kwa kumpiga risasi yule kijana. Akajibu, "Ndiyo." Majaji watano dhidi ya wanne walisema jibu hilo ni halali, kwa kuwa hakuwahi kutamka kwamba hataki kuhojiwa. Ajabu ya sheria hii ndiyo hiyo: ili unyamaze, lazima kwanza useme.

Basi yatamkwe wazi: "Natumia haki yangu ya kukaa kimya. Nataka wakili." Kwa Kiingereza, bila shaka, na bila "labda", maana mwaka 1994 mahakama iliona kwamba mtu aliyesema labda aongee na wakili hakuwa amedai wakili. Akidai waziwazi, maswali yasimame mpaka wakili awepo. Mtego ni pale anapoanza tena mazungumzo ya kesi yeye mwenyewe, maana ulinzi huo unaweza kumtoka. Tena akiachiwa na zikapita siku 14, polisi wanaweza kumrudia, wakimsomea onyo upya.

Kwa Waswahili walioko huko kwa viza au kibali: Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, ambayo ndiyo chimbuko la haki ya kukaa kimya, yanasema "mtu", hayasemi "raia", kwa hiyo kinga hii ni yao pia. Jina ni suala jingine. Baadhi ya majimbo, Nevada mojawapo, yanamtaka anayeshukiwa kutaja jina lake anaposimamishwa, na kukataa ni kosa.

Je, askari aliyeacha kusoma onyo anaweza kudaiwa fidia kwa sababu hiyo tu? Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema hapana.